Mtoto wangu alikaa masaa tisa mbali na ziwa langu: tuzungumze kuhusu leba zetu hapa Tabora

#1 FundiWaIsevya

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie kesho.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Isevya, Tabora mjini. Nina watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alinyonya miezi mitatu na siku chache. Wa pili, wa kike, alinyonya miaka miwili na mwezi mmoja, na siku ninamwachisha tulilia wote wawili. Mama ni yuleyule, maziwa ni haya haya, uji ni uleule wa karanga. Wote nimewazaa kwa operesheni. Kwa miaka minne niliamini kwamba kilichotokea kwa mtoto wa kwanza lilikuwa kosa langu. Siamini hivyo tena.

Mtoto wa kwanza alitolewa alfajiri. Nilichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho na nilisikia akilia. Sista akanionyesha uso wake mara moja, nywele nyingi zimelala kwenye paji, halafu akaondoka naye. Hakuwa na shida yoyote: kilo 3.2, amelia vizuri. Nilimpata mchana. Masaa tisa nimelala naangalia dari, kila mlango ukifunguka nageuza shingo.

Jina la hospitali silitaji. Sikuja kumchoma mtu, na usiku ule wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima ya wazazi. Niliwaona wanavyokimbia.

Alipoletwa alikuwa amekazwa kwenye khanga kama mzigo, kalala fofofo, mdomo unanuka maziwa ya kopo. Mama yangu alikuwa ametumwa duka la dawa nje ya geti akanunue kopo na chupa, "mtoto asikae na njaa." Nilipomweka kwenye ziwa alilamba, akasubiri. Nakumbuka ulimi wake ulivyokuwa: ameulaza, anangoja kitu kidondoke. Hakidondoki, akageuza uso na kupiga kelele. Wa kitanda cha pili akasema, "Huna maziwa." Jioni sista naye akasema hivyohivyo. Kesho yake mama mkwe.

Wanawake mnaonisoma mnalijua neno hilo linavyoingia.

Siku ya nne maziwa yalikuja kwa kishindo, matiti yakawa jiwe, yanawaka. Mtoto hakuweza kushika, anateleza. Chuchu zikachanika. Nikawa nakamua nalia, huku chupa ikiendelea maana ndiyo ilimnyamazisha. Tulirudi nyumbani na ziwa na kopo, na kila wiki kopo linaongezeka, ziwa linapungua. Mwezi wa pili akaharisha, tukalala wodi ya watoto siku nne. Akakonda. Hapo wifi akasema mtoto amebemendwa. Mimi na mume wangu tulikuwa hatujagusana tangu operesheni, lakini nani atakusikiliza? Niliyabeba hayo pia.

Mtoto wa pili tulikwenda kituo kingine. Operesheni tena, ganzi ileile. Tofauti nitaieleza polepole kwa sababu ilikuwa ndogo mno. Bado ninashonwa, mkunga akamleta mtoto uchi, akamlaza kifuani kwangu karibu na shingo, akatufunika kitenge. Basi. Tulivyofika wodini akaniinua kichwa kwa mto, akasema: "Usimpe chuchu tu. Subiri afungue mdomo kama anapiga miayo, halafu umlete yeye kwenye ziwa, siyo ziwa kwake." Akashika. Saa moja ilikuwa haijaisha. Usiku alipochoka kunyonya, mkunga akanifundisha kukamua kwenye kijiko: matone ya njano, mazito, kama mafuta ya alizeti. Dang'a. Kijiko hakikujaa, mimi nikaanza kulia kwamba ni kidogo. Akanijibu, "Ni kidogo kwa sababu na tumbo lake ni dogo."

Mama mkwe alikuja asubuhi na hela ya kopo mkononi. Mkunga alimwambia kwa heshima kabisa, "Bibi, kopo hapana. Mletee mama uji na maji ya kunywa." Na bibi akaenda kupika uji.

Naomba kila mama aliyejifungua Tabora au mikoa jirani aniambie mambo mawili tu, bila kutaja hospitali: mtoto alifika kifuani kwako baada ya muda gani, na alinyonya mpaka lini?

#2 Mtemi_Kiloleni

Pole sana dada. Ila niruhusu nikupinge kidogo. Mtoto wa pili siku zote ni rahisi, ulikuwa na uzoefu, ulijua kumshika, hofu imepungua. Huwezi kusema ni leba. Bibi zetu kule Urambo walizalia ndani ya nyumba, hakuna mkunga wa kusoma, na wakanyonyesha miaka miwili kila mtoto. Nadhani tunawabebesha wauguzi mzigo usio wao.

#3 Mama_wa_Ipuli

Mimi: alifika baada ya dakika kama kumi, kanyonya miezi 22. Mdogo wangu: alifika kesho yake, alikuwa na presha kali, kanyonya miezi 5.

#4 MkungaMstaafu

Fundi mwanangu, nimeusoma mara mbili. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31, Nzega na hapa mjini. Na nikiri kabla sijasema lolote: watoto wengi waliopelekwa chumba kingine niliwapeleka mimi kwa mikono yangu. Tulifundishwa mama apumzike. Tuliona ni huruma.

Mtemi, hoja yako ni ya haki, na watafiti nao waliiona. Ndiyo maana ukilinganisha mama mmoja na mwenzake hupati jibu. Lakini kuna kazi moja kubwa ilifanyika nchi ya Belarus, akina mama zaidi ya 17,000 waliojifungua mwaka 1996 na 1997. Hospitali 31 na kliniki zake ziligawanywa kwa kura ya bahati nasibu: hizi zibadilishe taratibu, hizi ziendelee kama zamani. Zamani yao ilikuwa kama ya kwetu sisi wakongwe, mtoto chumba chake, kunyonya kwa saa ya ukutani. Akina mama wote walikuwa wameshaanza kunyonyesha, kwa hiyo nia haikuwa tofauti. Miezi mitatu baadaye, kwenye hospitali zilizobadilika watoto 43 kati ya 100 walikuwa wanapata maziwa ya mama peke yake. Kwingine, 6. Walipofikisha mwaka, waliokuwa bado wananyonya ni karibu 20 kati ya 100, kwingine 11. Na walioharisha mwaka ule wa kwanza walikuwa wachache, 9 kati ya 100, kwingine 13. Uzoefu wa mama hauwezi kueleza tofauti hiyo, kwa sababu kura haikuchagua mama mwenye uzoefu.

Sasa kwa nini masaa machache yafike mpaka mwakani? Ziwa linamsikiliza mtoto. Kila akinyonya, mwili wa mama unatoa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na usiku inapanda zaidi. Maziwa yakibaki ndani, ziwa linaelewa kwamba hayahitajiki, linapunguza. Mtoto aliyejazwa kopo analala masaa matatu, manne. Masaa hayo ziwa halijaambiwa kitu. Siku ya kwanza mtoto anahitaji ml 2 mpaka 10 kila anaponyonya, yaani kijiko cha chai au viwili. Ukimpa kikombe, umenyoosha tumbo lake na umenyamazisha ziwa. Halafu siku ya tatu au ya nne maziwa yanakuja kwa wingi na hakuna mtoto mwenye njaa wa kuyatoa. Ndilo jiwe ulilolieleza. Baada ya hapo unaambiwa huna maziwa, wakati yalikuwa yamejaa.

Haya siyo mageni. WHO na UNICEF waliandika hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, mwaka 1991 wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, na 2018 wakazipitia upya: mtoto ngozi kwa ngozi na mama mara tu anapozaliwa, anyonye ndani ya saa moja, alale na mama usiku na mchana, asipewe maji wala kopo bila sababu ya kitabibu. Sababu za kitabibu zipo, tusidanganyane: mtoto sukari imeshuka, njiti ambaye hajaweza, mama mahututi. Yule mdogo wake Mama_wa_Ipuli mwenye presha huenda alikuwa mmojawapo. Lakini hata hapo mama anasaidiwa kukamua mapema, mara kwa mara, ili ziwa lisilale.

Na bibi zetu wa Urambo, Mtemi: mtoto alizaliwa akalala ubavuni kwa mama, hakuna wa kumchukua. Hatua nusu walikuwa wanazitimiza bila kuzisoma. Lakini nimeona pia waliotokwa damu nyumbani hadi wakatuletea wakiwa wamechelewa. Sitaki turudi huko. Nataka ubavu ule uingie hospitali.

#5 BabaPacha_Sikonge

Mkunga, shikamoo. Sisi huku ni watu wa asali. Pacha wangu walipozaliwa, mama mkwe alichovya kidole kwenye asali akawalambisha wote wawili siku ya pili, wodini, nesi amesimama pale. Nesi hakusema neno. Mimi nikachukulia kwamba inaruhusiwa. Tukaendelea nyumbani wiki nzima pamoja na maji ya sukari ya chango. Kuna ubaya?

#6 MkungaMstaafu

Marahaba baba. Upo, na nashukuru Mungu wako salama. Asali ya miombo yetu ni nzuri kwako na kwangu, lakini inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ya botulini. Utumbo wa mtoto chini ya mwaka mmoja hauna nguvu ya kuwazuia. Mtoto anapata choo kigumu, shingo inalegea, kilio kinakuwa hafifu, anashindwa kunyonya, mwisho kupumua. Asiguse asali mpaka atimize mwaka.

Lakini umegusa jambo kubwa kuliko asali. Nesi kunyamaza. Familia inachukua kimya cha nesi kuwa ni ruhusa. Anayemtuma bibi akanunue kopo bila maelezo, anayeona asali akapita, wote wamefundisha, na somo hilo linakwenda nyumbani pamoja na beseni.

Maji ya sukari nayo acheni. Najua nitaambiwa Oktoba ya Tabora jua linapasua vichwa, mtoto ana kiu. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia kama 88. Akiwa na kiu, mnyonyesheni.

#7 Kasulu_Kwetu

Natoka mkoa wa jirani, Kigoma. Nilijifungua kituo cha afya mwaka 2017, wakati ule kulikuwa na mradi wa wasindikizaji wa shirika la Thamini Uhai, 2016 hadi 2018, vituo tisa vya mkoa wetu. Yaani mwanamke mwenzako anakaa na wewe leba, anakushika mgongo, anakupa maji. Kabla ya hapo mimba yangu ya kwanza nililala leba peke yangu, ndugu wote wako nje chini ya mwembe.

Mtoto alipotoka nesi aliitwa kitanda kingine, kuna mwenzetu amezidiwa. Zamani hapo ndipo mtoto angewekwa mezani peke yake asubiri. Yule mama msindikizaji hakuondoka. Alikaa ananishikia mtoto kifuani mpaka akapata ziwa. Hakuwa nesi. Alikuwa na muda tu. Nilinyonyesha miezi 25, mpaka mwenyewe akakataa akataka dagaa.

Kwa hiyo wanaosema wauguzi ni wachache, ni kweli, lakini mikono ya kumshika mtoto dakika arobaini iko pale nje chini ya mwembe. Imekatazwa kuingia.

#8 FundiWaIsevya

Kasulu_Kwetu, umenitoa machozi. Mama yangu mzazi alikuwa nje ya ule mlango masaa yote tisa. Kazi pekee aliyopewa ilikuwa kwenda dukani.

Mtemi, nilikuwa namsubiri Mkunga akujibu kwa sababu mimi hesabu sina. Nikuongezee tu la kwangu. Unasema uzoefu. Uzoefu gani? Wa kwanza sikumnyonyesha nikajua. Nilichokuwa nacho ni woga. Nilipoingia leba mara ya pili nilikuwa nimeshaweka hela ya kopo pembeni.

#9 Mtemi_Kiloleni

Nimekuelewa dada, na Mkunga asante. Hilo la kura sikulijua. Naondoa neno "siku zote".

#10 Karani_Gongoni

Ongezeni na kazi. Mimi hospitali ilinitendea vizuri kabisa, ngozi kwa ngozi, kila kitu. Sheria ya ajira ya 2004 inatupa siku 84, pacha 100, na ukirudi unastahili mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Bosi wangu alisema saa hizo hazijui. Nilikuwa nakamua chooni kwenye kikombe cha plastiki, simu inaita. Mwezi wa tano nikasalimu amri. Kwa hiyo leba pekee haitoshi.

#11 MkungaMstaafu

Kweli kabisa mwanangu, na sitabisha. Hapa Tanzania karibu kila mama ananyonyesha. Kinachopotea ni yale maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 59 ya watoto chini ya miezi sita wanapewa maziwa ya mama tu, wa 2022 ukakuta 64. Tumepanda, lakini zaidi ya theluthi wanapewa maji, uji au kopo mapema, na wengi wanaanzia wodini kwa idhini yetu. Wewe ulitoka wodini na maziwa ya kutosha, ndiyo maana ulifika mwezi wa tano ukiwa unakamua chooni. Wengine hawafiki hata huko. Hilo la saa mbili lipeleke kwa afisa kazi wa mkoa, kwa maandishi.

#12 Mgeni_2

Naomba kuuliza bila kuhukumiwa. Mimi natumia dawa za VVU. Nina mimba ya miezi saba. Dada yangu alijifungua miaka ya zamani akaambiwa asinyonyeshe kabisa. Na mimi nitaambiwa hivyo?

#13 MkungaMstaafu

Hakuna wa kukuhukumu hapa mwanangu. Mambo yamebadilika sana tangu enzi za dada yako. Siku hizi mama anayetumia dawa zake kila siku ananyonyesha: miezi sita maziwa yake tu bila kuchanganya, halafu anaendelea huku mtoto anakula. Mtoto naye atapewa dawa yake ya maji tangu kuzaliwa na atapimwa kwa ratiba. Hatari iko kwenye kuacha dawa na kwenye kuchanganya. Na ile saa ya kwanza ni yako pia, kama ya mama mwingine yeyote. Waambie kliniki mapema kwamba unataka mtoto awekwe kifuani.

#14 FundiWaIsevya

Nilikuwa kimya siku sita, mdogo wangu alijifungua. Naandika haraka, nina gauni la harusi mezani.

Nilikwenda naye na khanga tatu na chupa ya uji. Nilimwomba mkunga wa zamu kama naweza kuingia, nikamwambia nitakaa kichwani na sitagusa kitu. Akafikiri, akanipa ndala na gauni. Mtoto alitoka saa nane kasoro za usiku, wa kike. Akakaushwa, akalia, mkunga akaanza kwenda naye kwenye mizani. Nikamuuliza, "Sista, kupima kunaweza kusubiri?" Nilikuwa natetemeka kwa kuuliza. Akaniangalia, akamwangalia mdogo wangu, akarudi akamlaza kifuani. "Kunaweza," akasema.

Sikuwahi kuona kitu kile kwa karibu, wa kwangu alikuwa nyuma ya pazia la operesheni. Alilala kama kachoka kabisa. Baada ya muda akaanza kufungua na kufunga ngumi, akalamba mkono wake, akainua kichwa, kikaanguka. Akasukuma kwa miguu. Mdogo wangu akataka kumsogeza, mkunga akasema mwache. Akasukuma tena, shavu likagusa ziwa, mdomo ukafunguka wote, kama miayo. Dakika 38 kwa simu yangu. Mizani ilimsubiri: kilo 2.9.

Asubuhi mama alikuja. Kabla hajafungua pochi nikamwambia mama, mwaka huu hatuendi dukani. Akacheka, akakaa kitandani akamkanda mdogo wangu mabega.

Mkunga, nguo za mkojo ulizonifundisha kwenye ujumbe wa pembeni, zisipungue sita kuanzia siku ya tano: leo ndiyo ya tano, tumehesabu saba na jua halijazama.